Mwenye Zamu Aulizwe Kwanza

Yako mambo ambayo mwananchi hayatii moyoni hata siku moja mpaka yamfike mlangoni. Moja katika hayo ni safari ya simu ya dharura. Mke ameshikwa na uchungu saa nane za usiku, au moto umeingia chumba cha jirani, au basi limepinduka kwenye mtelemko; mtu hupiga namba, husikia sauti, hutaja mahali alipo, kisha hungoja. Katika kungoja kwake hajui ya kuwa yuko mfanyakazi mwenye zamu ambaye amekwisha kuyaandika maneno yake, naye sasa anatafuta gari lipi liko karibu, lina watu gani, na njia ipi inapitika. Dakika chache za mfanyakazi yule ndizo zitakazoamua usiku ule uishe vipi.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta katika nchi nyingi, na pale ambapo haijawa hivyo, serikali zataka iwe hivyo. Zataka programu moja itakayopokea simu, itakayoonyesha magari yote katika ramani, itakayowaita polisi, zimamoto na wauguzi kwa pamoja, na kuweka kumbukumbu ya kila lililotendeka. Wauzaji wa vitu hivyo hawakosi. Huja na picha nzuri na maneno matamu. Sisi hatusemi kuwa kompyuta ni kitu kibaya. La, hasha. Tusemalo ni kwamba programu ya namna hii haiuzwi kama kitambaa, ikapimwa kwa yadi na kukatwa kwa mkasi. Hujengwa, na wa kuijenga hawawezi kuwa mafundi peke yao. Ushahidi tunao, nao watoka London, mji ambao katika muda wa miaka 4 uliuonyesha ulimwengu namna ya kuikosa kazi hii na namna ya kuipata.

KARATASI NA MKANDA

London ndiyo iliyoanzisha desturi ya kupiga namba moja ya dharura. Mwezi wa Novemba 1935 nyumba ya daktari mmoja katika mtaa wa Wimpole iliungua, wanawake 5 wakafa, na jirani aliyejaribu kuwaita zimamoto kwa simu alibaki akingoja apokewe. Kelele zilizofuata msiba ule ndizo zilizoleta namba 999, iliyoanza kutumika mjini humo tarehe 30 Juni 1937. Kwa hiyo watu wa London si wageni katika kazi hii, na hilo lafaa tulikumbuke tusije tukadhani kwamba yaliyowapata yaliwapata kwa sababu ya ujinga.

Kufika mwaka 1992 idara ya magari ya wagonjwa ya mji huo ilikuwa ikihudumia eneo la maili za mraba 600 hivi, lenye wakazi karibu milioni 7. Kila siku ilipokea simu kati ya 2,000 na 2,500, na zaidi ya nusu ya hizo zilikuwa za dharura. Na yote yalifanywa kwa karatasi. Mpokea simu aliandika habari za mgonjwa katika fomu, akafungua kitabu cha ramani na kuutafuta mtaa, kisha akaiweka fomu ile juu ya mkanda wa mashine uliopita chumbani. Mkanda uliipeleka kwa mtu aliyekusanya fomu zote; huyo alizisoma, akaziondoa zile zilizorudia ajali moja, akazigawa zilizobaki kwa sehemu 3 za mji. Hapo ndipo mgawaji wa magari, akisaidiwa na mwenzake wa redio ya upepo, alipoamua gari gani liende. Shabaha ilikuwa gari liwe limekwisha kuamriwa kuondoka katika dakika 3 tangu simu ilipopokewa.

Utaratibu huo ulikuwa na ila zake, wala si haki kuzificha. Karatasi huweza kupotea. Kuutafuta mtaa kitabuni kulikula muda, hasa mpiga simu mwenye hofu alipotaja jina ambalo mitaa kadhaa huitwa hivyo hivyo. Mtu aliyepiga mara ya pili kuuliza gari limefika wapi alimlazimisha mfanyakazi kuinuka kitini akaisake fomu yake. Lakini palikuwa na kitu kimoja kilichoziba nyufa zote hizo, nacho hakikuandikwa popote: vichwa vya watu. Mgawaji mzoefu alisikia sauti ya dereva redioni akajua kama gari lile limekwama au laenda. Mkusanyaji wa fomu aliona fomu mbili zenye majina tofauti ya mtaa, akatambua kuwa habari ni moja, kwa kuwa njia panda ile aijua. Hayo ndiyo maarifa yaliyosahauliwa.

FEDHA KIDOGO, SIKU CHACHE

Jaribio la kwanza la kuleta kompyuta lilianzishwa katika miaka ya 1980, likaachwa mwaka 1990 baada ya kula paundi milioni 7.5. Mtu angetazamia kwamba baada ya hasara hiyo wakubwa wangekwenda polepole. Kinyume chake walizidisha mbio. Mwaka 1991 wakatangaza zabuni, wakaweka siku ya kumaliza kuwa 8 Januari 1992, nayo siku hiyo wakaifanya kama amri isiyotanguliwa. Wengi wa waliotaka kazi walionya kuwa muda hautoshi. Zabuni iliyoshinda ilikuwa ya paundi 937,463, chini mno ya nyingine. Na katika fedha hizo, programu yenyewe ya kugawa magari, yaani ubongo wa kazi nzima, ilikadiriwa paundi 35,000 tu. Kampuni ndogo iliyokabidhiwa kuiandika haikuwa imepata kujenga mfumo wa namna hiyo kwa idara yo yote ya magari ya wagonjwa.

Ndugu msomaji aliyepata kujenga nyumba anajua maana ya fundi ambaye bei yake ni nusu ya bei za wenziwe. Hata hivyo, tusiishie kwenye bei. La kutazamwa zaidi ni nia ya mfumo wenyewe. Programu ile haikutakiwa kumsaidia mgawaji wa magari, ilitakiwa imwondoe. Simu ikipokewa, kompyuta ingetafuta gari lililo karibu na kulipelekea amri moja kwa moja. Wakubwa waliona kwamba mazungumzo ya redioni kati ya madereva na wagawaji yalikuwa mazoea mabaya ya zamani, na kwamba mashine ingeyakomesha.

Tena yafaa kujua hali ilivyokuwa kati ya pande mbili hizo. Kuanzia Septemba 1989 hadi mapema mwaka 1990 wafanyakazi wa magari ya wagonjwa wa Uingereza walikuwa katika mgogoro mkubwa wa mishahara, na serikali ilifika kuwatumia polisi na jeshi kubeba wagonjwa wa London. Jeraha hilo halikuwa limepona. Katika hali hiyo ya kutoaminiana ndipo ilipoandikwa programu ambayo wafanyakazi wa magari hawakushirikishwa katika kuitunga ila kidogo sana. Walifundishwa kuitumia, ni kweli. Lakini mafunzo yalitolewa miezi mingi kabla, kwa mtambo uliokuwa haujakamilika, na watu wa chumba cha simu walifundishwa mbali na watu wa magari. Siku ya kazi ilipofika wengi walikuwa wamekwisha sahau walichofundishwa.

SIKU MBILI ZA OKTOBA

Jumatatu ya tarehe 26 Oktoba 1992 mfumo ulianzishwa kwa mji mzima kwa mara moja. Usiku wa kuamkia siku hiyo chumba cha simu kilipangwa upya: wafanyakazi waliozoea kukaa bega kwa bega walijikuta mbali na wenzao, mbele ya vioo vya kompyuta. Karatasi ziliondolewa kabisa. Katika daftari la kasoro zilizojulikana na bado hazijatengenezwa zilikuwamo kasoro 81.

Yaliyofuata yastahili kuelezwa kwa utaratibu, maana ndiyo kiini cha habari yetu, na yeyote atakayepata kukaa katika kamati ya kununua mfumo kama huu yampasa ayajue.

Ili kompyuta ichague gari kwa haki, ilihitaji kujua kila dakika kila gari liko wapi na linafanya nini. Mahali pa gari palitambuliwa kwa mitambo. Hali ya gari ilitambuliwa kwa vitufe: dereva na mwenzake walitakiwa kubonyeza kitufe wakiondoka, kingine wakifika, kingine wakimchukua mgonjwa, kingine wakiwa hospitali, kingine wakiwa huru tena. Sasa fikiri juu ya watu wawili wanaomshusha mzee kwa machela katika ngazi nyembamba za ghorofa ya nne. Vitufe viwili vikabonyezwa kwa kinyume; au vikasahauliwa; au vikabonyezwa sawasawa lakini mawimbi ya redio hayakupita, kwa kuwa gari lilikuwa kati ya majumba marefu. Au wafanyakazi walichukua gari lingine badala ya lile walilojiandikisha. Kila moja katika hayo liliingia kompyutani kama ukweli.

Kompyuta iliamini uwongo huo na kutoa amri kwa uwongo huo. Ilituma magari mawili kwa mgonjwa mmoja, au ikaliita gari la mbali na kuliacha la karibu. Magari iliyoyajua kuwa huru yakazidi kupungua, na kadiri yalivyopungua ndivyo ilivyochukua muda mrefu zaidi kutafuta. Kila simu iliyokaa bila gari ilitoa onyo katika kioo cha mfanyakazi. Maonyo yakawa mengi hata yakasukumana. Ya zamani yakapanda juu yakatoweka kiooni, na lililotoweka lilikuwa kama halikuwapo. Wenye wagonjwa walipoona gari halifiki walipiga simu tena, na simu hizo za pili na za tatu ziliingia pamoja na zile za kwanza, kwani yule mkusanyaji aliyekuwa akizitambua na kuziondoa hakuwapo tena. Zilikuwako simu zilizoita hata dakika 10 kabla ya kupokewa. Wafanyakazi wa magari, wakiona wanatumwa pasipofaa, walishika redio kuuliza, na mawimbi yakajaa. Wengine walichoka, wakaacha kujali vitufe. Basi uwongo ukaongezeka, na gurudumu likazunguka tena.

Hapakuwa na jambo moja hapo lililovunjika. Hilo ndilo la kutisha. Mashine zilikuwa zikiwaka, waya zilikuwa nzima, na kila sehemu ilikuwa ikifanya ilivyoagizwa.

Magazeti ya siku zile yalieneza habari kuwa watu 20 au 30 huenda walikufa kwa kucheleweshwa. Haki yatudai tuseme kwamba hakuna mahakama ya kuchunguza vifo iliyopata kutoa hukumu ya namna hiyo. Lakini kwamba wagonjwa walingoja kwa saa nyingi ni jambo lisilobishaniwa. Tarehe 27 Oktoba, saa nane mchana, chumba kilirudia nusu ya kazi kwa mkono. Siku iliyofuata mkurugenzi mkuu wa idara akajiuzulu.

USIKU WA TAREHE 4

Wafanyakazi waliendelea kwa njia ya kuchanganya: kompyuta ilipokea habari na kuzichapa, watu wakachagua magari. Njia hiyo ilikwenda vizuri kwa wiki moja. Kisha tarehe 4 Novemba, baada ya saa nane za usiku, mfumo ulianza kuvuta miguu, halafu ukasimama kabisa.

Sababu yake ilikuwa ndogo hata mtu angecheka, kama si kazi yenyewe kuwa ya roho za watu. Majuma kama 3 nyuma, fundi mmoja alikuwa akirekebisha jambo, akasahau kuondoa kipande cha maandishi ya programu. Kwa kipande hicho, kila gari lilipotumwa, kompyuta ilitenga nafasi ndogo ya kumbukumbu yake isiirudishe. Gari baada ya gari, siku baada ya siku, nafasi ikaisha. Ilikuwako seva ya pili ya kushika kazi kama ya kwanza ikianguka. Lakini namna ya kuhamia seva hiyo haikuwa imekamilishwa wala kujaribiwa. Wafanyakazi wakaamka vitini, wakatafuta karatasi, wakaendesha mji wa watu milioni 7 kama walivyozoea.

Kamati ya uchunguzi ya watu 3 ilitoa ripoti yake Februari 1993. Haikumtafuta mbuzi mmoja wa kafara. Ilisema kwa uwazi kwamba mfumo haukuwa tayari, wala waliotakiwa kuutumia hawakuwa tayari. Kwamba ratiba haikuwezekana. Kwamba hapakuwa na mtu wa kando wa kupima ubora wa kazi. Na kwamba jambo kubwa hilo liliingizwa katikati ya idara ambayo wakubwa na wafanyakazi wake hawakuaminiana. Ilishauri kompyuta irudi, lakini irudi hatua kwa hatua, baada ya majaribio, na kwa kuwashirikisha wenye kazi. Twaona ripoti hiyo ilikuwa ya haki. Pengine ilikuwa ya upole kupita kiasi kwa walioitia sahihi ile ratiba.

MARA YA PILI

Wakubwa wapya hawakukimbilia kununua. Kwanza waliyatengeneza mambo yasiyokuwa ya kompyuta: magari mapya yalinunuliwa, na mapatano juu ya zamu yakafanywa na vyama vya wafanyakazi. Fundi wa kompyuta atauliza zamu zahusiana nini na programu. Zahusiana sana. Mfanyakazi asiyejua kesho ataingia saa ngapi hawezi kukaa na mwandishi wa programu akamweleza kwa utulivu jinsi anavyofanya kazi.

Kisha programu ilijengwa ndani ya idara yenyewe. Ilitengenezwa sehemu ndogo, ikaonyeshwa kwa wapokea simu, nao wakasema hapa panafaa, hapa hapafai, kitufe hiki kiko mbali, neno hili sisi hatulitumii. Ikarudishwa, ikatengenezwa, ikaonyeshwa tena. Tarehe 17 Januari 1996 ilianza kazi, nayo ilianza kwa unyenyekevu: kupokea simu tu na kuzipeleka kwa wagawaji. Haikumchagulia mtu gari. Kazi ya karatasi na mkanda ilishikwa na kompyuta. Kazi ya kichwa ikabaki kwa mwenye kichwa. Baada ya hapo, sehemu moja moja, kila moja ikisubiri iliyotangulia itulie, ziliongezwa nyingine: kutambua mahali pa mpiga simu, kuonyesha magari yalipo, na kadhalika. Mwaka 1997 kazi hiyo ilipewa tuzo na chama cha wataalamu wa kompyuta cha Uingereza.

Mji ulikuwa ule ule, na kazi ile ile. Wapokea simu wengi waliofanikisha mfumo wa 1996 walikuwa wamo chumbani mwaka 1992, wale wale waliosemwa kuwa ni wagumu wa kupokea mambo mapya.

Wala tusidhani mambo yakiisha kutengenezwa yametengenezwa milele. Mfumo mwingine ulipoanzishwa huko huko tarehe 8 Juni 2011 uliharibika siku hiyo hiyo, ukaondolewa, ukarudishwa mwaka 2012. Na usiku wa mwaka mpya, tarehe 1 Januari 2017, katika saa ambazo ni chache mfano wake kwa wingi wa kazi, kompyuta zilizimika tangu saa sita na nusu usiku hadi saa kumi na moja na robo alfajiri. Wafanyakazi wakashika kalamu. Waliweza kwa kuwa walikuwa wamefundishwa kuweza. Mwaka 1992 karatasi ziliondolewa chumbani kana kwamba ni aibu.

KUUNGANISHA SI KUFUNGA KAMBA

Hadi hapa tumesema juu ya idara moja. Lakini neno linalosikika sana sasa ni kuunganisha: polisi, zimamoto, waokoaji na wauguzi wote katika mfumo mmoja. Shauri hilo ni jema. Moto ukishika soko, wote hao watafika, na ni hasara tupu ikiwa kila mmoja ana ramani yake. Lakini hapa pia yafaa tuangalie walioanza.

Katika California, Marekani, majira ya vuli ya 1970, moto wa misitu uliwaka kwa siku 13. Watu 16 walikufa, na majumba kama 700 yakateketea. Vikosi vya zimamoto vya serikali mbalimbali vilivyokuja kusaidiana vilikuta kwamba redio zao hazisikilizani, na kwamba maneno yao hayalingani. Kikosi kimoja kikiomba gari la kubeba maji kilitumia neno ambalo kwa kikosi kingine maana yake ni ndege ya kumwaga maji. Basi walikaa chini kwa miaka kadhaa wakapatana maneno, vyeo na nani awe mkubwa wa tukio. Mapatano hayo ndiyo msingi wa utaratibu wa kuongoza matukio ambao sasa hufuatwa na nchi nyingi. Kompyuta ya kuunganisha idara ambazo hazijapatana maana ya neno moja itafanya kosa lile lile, ila kwa kasi kubwa zaidi.

Uingereza yenyewe, pamoja na yote iliyojifunza, ilianguka tena upande wa zimamoto. Mwaka 2004 serikali ilianza mpango wa kuvifunga vyumba 46 vya simu za zimamoto na kuviweka mahali pake vituo vikubwa 9 vyenye mfumo mmoja. Mpango ulitoka juu. Vikosi vya mikoa, ambavyo ndivyo vingeutumia, havikuukubali wala havikushirikishwa ipasavyo. Desemba 2010 uliachwa. Wakaguzi wa hesabu za serikali walikadiria kuwa zisizopungua paundi milioni 469 zimepotea, na mwaka 2011 ilielezwa bungeni kwamba majengo 8 kati ya 9 yamesimama matupu. Majengo mazuri ya kisasa, yalikuwa yakilipiwa, na ndani hamkuwa na hata mpokea simu mmoja. Nchi tajiri huweza kusamehe hasara kama hiyo. Sisi tungeilipa kwa zahanati.

UPANDE WETU

Hapa Tanzania mwananchi huwaita polisi kwa 112, zimamoto kwa 114, na gari la wagonjwa kwa 115. Siku yaja, pengine haiko mbali, ambapo namba hizo zitaletwa chini ya dari moja, na zabuni zitatangazwa. Hatuanzi bila kitu. Tunao mpango wa m-mama wa kuwafikisha hospitali wajawazito na watoto wachanga, ulioanza kwa majaribio huko Sengerema na Shinyanga, kisha mwaka 2022 serikali ikaamua kuueneza nchi nzima. Simu hupigwa bure. Mpokea simu huuliza maswali aliyoongozwa na programu, huamua hatari ilivyo, kisha huita gari la wagonjwa. Na kama gari hilo halipo, huita dereva wa kijijini aliyekwisha andikishwa na kufundishwa, naye hulipwa kwa simu ya mkononi baada ya kumfikisha mgonjwa.

Tuangalie busara iliyomo humo. Aliyeutunga mpango huo hakuanza kwa kuuliza ni mtambo gani mkubwa unaotumiwa Ulaya. Alianza na jambo ambalo kila mkunga wa kijiji alijua: gari la wagonjwa ni moja na liko mbali, lakini mwenye teksi yupo, na kinachomzuia kutoka usiku ni shaka ya nani atamlipa. Programu ilijengwa kulizunguka jambo hilo.

Kwa hiyo zabuni ya mfumo wa kuunganisha itakapotangazwa, wajumbe wa kamati waulize mambo ambayo London haikuuliza mwaka 1991. Huyu muuzaji amepata kuujenga mfumo huu wapi, na wafanyakazi wa huko wasemaje? Mawimbi yasipofika Kilombero wakati wa masika, programu itafanya nini na gari lisilosikika? Seva ya akiba imezimiwa ile ya kwanza mbele ya macho yetu, au tumeambiwa tu kwamba ipo? Mpiga simu asiyejua jina la mtaa, bali asema nyuma ya msikiti, karibu na mbuyu uliokatwa, ataandikwa wapi? Hilo la mwisho halimo katika programu yo yote inayotoka ng'ambo, nalo ndilo litakaloulizwa kila usiku.

Na mpokea simu wa zamu ya usiku awe na kiti katika kamati hiyo tangu siku ya kwanza, si siku ya mafunzo. Saa zake za kamati zihesabiwe kuwa ni saa za kazi na alipwe. Mfumo ukiisha anza, zamu moja kila mwezi ifanywe kwa karatasi, mchana, siku isiyo na msukosuko, fomu zikiwa zimechapwa na kalamu zimo kwenye droo.